Mama Mnara Hanywi Maji

Mfuniko wa sakafuni uligongwa kutoka chini, na Mama Mnara akadhani ni nati iliyolegea. Tangu aanze kuendesha winchi ya mnara, ile ndefu ya kunyanyulia vifaa vya ujenzi, hakuna mtu aliyewahi kumbishia hodi kule juu. Kibanda chenyewe kilikuwa na kiti kimoja, vishikio viwili, vioo kila upande mpaka chini ya nyayo, na nafasi iliyobaki ilitosha viatu vyake na kikapu cha chakula. Mwenye shida naye alimwita kwenye redio, akamaliza.

Mfuniko ukagongwa tena, safari hii na sauti iliyokatika pumzi. "Hodi, jamani. Hodi."

Akalitua furushi la nondo juu ya slabu, akafunga breki, akauvuta mfuniko. Ikachomoza kofia ngumu iliyomzidi mwenyewe, na chini yake uso wa msichana aliyefumba macho.

"Fumbua macho, binti. Utakanyaga hewa."

"Nikifumbua nitaona chini."

"Haya yafumbe. Nipe mkono."

Akamvuta ndani kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Msichana akakaa sakafuni, akagundua kwamba sakafu yenyewe ni kioo, akakumbatia mguu wa kiti kwa mikono miwili. Mgongoni alikuwa na begi, na juu ya begi mikanda ya usalama iliyofungwa ovyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea? Ofisi iko chini."

"Sijapotea. Mimi ndiye mfamasia wa ule mpango wa afya. Kila Jumatano nakuulizia, naambiwa Mama Mnara yuko juu, hawezi kushuka. Leo nikasema, basi, nitapanda."

Redio ikakoroma. Alikuwa Kipenga, mfunga mizigo, ambaye kazi yake ni kusimama juu ya slabu na kumwelekeza mwendesha winchi. "Mama Mnara, huyo uliyempata ni mgeni au mjukuu?"

"Wewe ndiye uliyemruhusu?"

"Amenisumbua tangu asubuhi. Nimemfunga mikanda mwenyewe. Akizimia usinitaje."

Mama Mnara hakucheka. Alijua vizuri kilichomleta binti huyu, na alikuwa amemkimbia kwa bidii.

Zamani bima ya kampuni ilikuwa kadi tu. Mtu akiugua anakwenda, asipougua imelala mfukoni. Baadaye walipimwa wote presha siku moja, daktari akaandika dawa, na kuanzia hapo bahasha ya vidonge ikawa inamfikia kila mwenye presha pale pale kazini, bila foleni wala kutoa kitu mfukoni. Mwaka huu kampuni ikaongeza mfamasia. Alikaa ndani ya kontena karibu na geti, akawapima watu, akawauliza dawa zinawakaaje, na panapohitajika akampigia daktari simu dawa ibadilishwe. Wajenzi walimpenda. Seremala mmoja aliyekuwa akikohoa kutwa kwa sababu ya dawa yake alibadilishiwa, akapona kikohozi, akawa anamsifia binti yule kama mtoto wake wa kumzaa.

Lakini kwa wanaofanya kazi juu kulikuwa na sharti. Vipimo vyao vilibaki siri kati yao na mfamasia. Kwa msimamizi lilikwenda neno moja tu: anafaa, au hafai.

"Nipe mkono, mama. Egemea kiti, miguu yote miwili chini, tusiongee kwanza."

"Mkono wenyewe una kazi."

"Dakika chache tu."

Akautoa. Angefanya nini, aruke? Mkanda wa mashine ya presha ukajaa hewa, ukambana, ukamwachia. Msichana akaitazama namba. Akasubiri, akapima tena. Akasahau kabisa kuogopa urefu. Akainuka magotini, akamtazama Mama Mnara machoni.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza."

"Zote mbili?"

"Si nimesema nameza?"

Hapo upepo ukabisha. Kwanza mnyororo wa kulabu ulianza kucheza, halafu kibanda kizima kikayumba polepole kama mtu anayekataa kwa kichwa. Mama Mnara akatazama kipima upepo, akapandisha kulabu, akauachia mkono wa winchi ujizungukie wenyewe. Kwenye redio akasema kazi imesimama.

Sauti ya msimamizi ikaingia. Wajenzi walimwita Bwana Sasahivi, kwa sababu hakuna kitu alichokitaka kwa wakati mwingine. "Imesimama mpaka lini?"

"Mpaka upepo utakapotaka, bosi."

"Nataka hizo nondo sasa hivi!"

"Mwambie upepo." Akapunguza sauti ya redio, akamgeukia mgeni. "Na wewe hushuki. Ngazi haipandwi wala haishukwi upepo ukiwa hivi. Tulia hapo."

Wakatulia. Jua lilikuwa limekaa juu ya kile kisanduku cha vioo, na ndani kulikuwa na joto la tanuri. Msichana akavua kofia, akajipepea nayo. Akatoa chupa yake ya maji begini, akanywa, akampa mwenzake.

"Sinywi."

"Joto lote hili?"

"Sinywi nikiwa kazini."

Msichana akatazama kila upande, na kwa jinsi palivyokuwa padogo hakuhitaji kutazama sana. Hapakuwa na chupa, wala kikombe. Akanywa tena mwenyewe, kwa aibu kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwahubiria watu wanywe maji. Upepo ukaendelea kuyumbisha. Muda ukapita. Akaanza kukaa vibaya. Akakunja mguu mmoja, akaukunjua, akakunja wa pili.

"Mama," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "hapa mtu akibanwa anafanyaje?"

"Anabanwa."

"Si utani, mama."

"Kwani mimi natania? Wanaume wanakuja na chupa zao, yanaisha. Mimi na wewe, mwanangu, tutafanya nini? Tutaning'inia dirishani?"

Msichana akacheka, akajuta, maana kucheka kulizidisha tatizo. Akajikunyata, akauma mdomo. Na Mama Mnara, akimwona alivyojiminya kwenye kona, hakuweza tena kumwona kama askari aliyekuja kumkamata. Alijiona mwenyewe alivyokuwa mwezi wake wa kwanza kule juu.

"Ile moja nameza," akasema, akitazama nje. "Ile ndogo. Hii nyingine, ya kukimbiza maji, nilimeza siku mbili tu. Siku ya pili nililia humu ndani. Nikishuka, kazi yote ya jengo inasimama. Watu wanasimama na mikono kiunoni, wananitazama ninavyoshuka ngazi, wote wanajua ninakwenda wapi. Nikirudi, Sasahivi ananuna mpaka jioni. Kwa hiyo nikaiacha."

"Unaitupa?"

"Dawa ya bure nitupe? Naiweka. Jumapili nipo nyumbani, choo kiko jirani. Namaliza za wiki nzima."

Msichana aliacha kujikunyata. "Zote? Kwa mara moja?"

"Ndiyo. Nisije nikaambiwa sizimezi."

"Mama, na Jumatatu unajisikiaje?"

Mama Mnara akapangusa kishikio kwa kiganja. Jumatatu miguu yake ilikuwa ya pamba. Jumatatu moyo wake ulipiga kama mtu anayeteremka ngazi akaruka vidato, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye ngazi, akipanda, akisimama katikati kushika chuma kwa viganja vya jasho mpaka giza litoke machoni. Hayo hakuwa amemwambia mtu.

"Huwa nachoka," akasema.

"Mwili si ghala, mama. Hauwezi kupokea leo ukatumia Ijumaa. Ukizimeza zote pamoja, maji na chumvi za damu vinatoka kwa mkupuo, na moyo unaweza kupiga ovyo. Ungeanguka. Kwenye ile ngazi niliyopanda mimi, ungeanguka." Akaurudisha mkanda wa mashine begini. "Siwezi kuandika kwamba unafaa."

Basi ndiyo hiyo. Mama Mnara akahisi vile vioo vimemsogelea. "Sikiliza, binti. Nikimeza, siwezi kukaa juu. Nisipomeza, presha inapanda, unaniandika sifai, siwezi kukaa juu. Sasa niambie mlango uko wapi. Maana mimi nimeutafuta."

"Dawa inabadilishwa."

"Inabadilishwa?"

"Zipo nyingine zisizokimbiza maji. Nampigia daktari leo leo. Damu ipimwe kwanza, halafu tuanze mpya, tuone inakukaaje."

"Kumbe ilikuwa inabadilishwa," Mama Mnara akasema taratibu. "Na bahasha zote zile, hakuna aliyesema."

"Hakuna aliyekuuliza, mama. Bahasha haiulizi."

Upepo ulipotulia, msichana alishuka ngazi macho wazi, kwa kasi ambayo Kipenga aliisimulia kwa wiki nzima.

Mama Mnara alishushwa siku hiyo hiyo. Akapewa kazi ya kukagua kamba na minyororo chini, kazi ya kivulini, kazi nzuri kwa mtu mwingine yeyote. Juu akapandishwa mwendeshaji wa kukodi, bwana mmoja mwenye masharubu ambaye alizungusha mizigo kama anafukuza kuku. Kila mzigo ulipopita, Mama Mnara alisikia meno yake yakisagana. Hakuthubutu kuinua uso. Aliogopa kuona jinsi wenzake wanavyomzoea yule mwingine.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alisikiliza habari yote mguu wake ukiwa juu ya pedali. Alipofika kwenye vidonge vya Jumapili akaacha kushona.

"Kumbe ndiyo maana Jumapili ulikuwa unakwenda chooni kama umeajiriwa huko."

"Cheka tu."

"Sicheki. Miaka yote hii najiuliza mbona huyu mwanamke akirudi anakunywa mtungi mzima. Nimeoa mtu au ngamia?" Akajaribu kutabasamu, tabasamu likagoma. Akaondoa miwani, akaifuta kwa shati lililokuwa mezani, shati la mteja. "Ungeanguka, mama watoto. Wangekuja kunigongea mlango hapa. Ningekuwa nashona suruali ya mtu."

"Sikuanguka."

"Ungeanguka."

Mama Mnara akainuka. Akamwekea chakula.

Majibu ya damu yalipotoka vizuri na dawa mpya ikamtulia, mfamasia akaandika lile neno: anafaa. Lakini kabla ya kumkabidhi msimamizi karatasi, akamkalisha Mama Mnara kwenye kontena.

"Kuna mambo mawili. La kwanza, unywe maji, kila siku, hata ukiwa juu. Nimeongea na msimamizi, adhuhuri unashuka, unakwenda chooni, unapumzika. Amekubali."

"Amekubali vipi?"

"Amepiga meza kwanza. Halafu amekubali. Amesema isipokuwa siku ya zege."

"Nilijua."

"La pili, kila Jumatano ukishuka unapitia hapa nikupime, wakati huo huo, ukiwa umetoka kwenye lile joto. Mpaka tuwe na hakika na hii dawa. Nikikupima asubuhi ukiwa umelala vizuri sijui kitu. Niahidi, mama."

"Nakuahidi."

"Hata kama ni siku ya zege?"

Mama Mnara akacheka. "Zege halimwagwi Jumatano. Ratiba yote iko kichwani mwangu."

"Lakini kama?"

Akamtazama. Binti mwenyewe alikuwa na miaka ya kuwa mwanawe, na kwenye kiwiko bado alikuwa na kovu la kukwaruzwa na ile ngazi. Alikuwa anauliza kwa dhati, kama mtu anayeamini kwamba mtu mzima akisema neno amelisema.

"Hata siku ya zege," akasema.

Jumatano kadhaa zilikwenda vizuri. Alipanda, akafanya kazi, akanywa maji kidogo kidogo bado kwa woga wa zamani, adhuhuri akashuka. Wajenzi walimtazama mwanzoni, halafu wakachoka kumtazama. Kumbe hicho alichokiogopa kilikuwa kinaisha chenyewe. Namba za mashine zikaendelea kushuka. Yule bwana wa masharubu alibaki pale jengoni kwa kazi ndogo ndogo, na kila alipopita chini ya winchi aliitazama kama mtu anayetazama nyumba inayopangishwa.

Halafu ikanyesha mvua ya siku nzima, siku ya zege, na zege likasogezwa. Likaangukia Jumatano.

Asubuhi hiyo magari ya zege yalipanga mstari kutoka getini mpaka barabarani, matumbo yakizunguka. Ndoo kubwa ikajazwa, ikapanda, ikafunguliwa juu ya slabu, ikashuka. Ikajazwa tena. Mama Mnara aliendesha kwa utulivu wa mtu anayenyonyesha. Ndoo haikuyumba, zege halikumwagika nje. Kipenga aliimba kwenye redio kwa furaha. Hata Bwana Sasahivi alisema neno zuri, akalificha haraka kwa kikohozi.

Adhuhuri ikakaribia. Akatazama chini. Mlango wa kontena ulikuwa wazi.

Angeweza kuacha. Kichwa hakimuumi, mkojo haujambana sana, macho yanaona vizuri. Angempigia binti simu jioni, amwambie, mwanangu, ilikuwa zege, na binti angesema haidhuru, mama, tutapima kesho. Angeelewa. Kila mtu angeelewa. Na Jumatano nyingine kungekuwa na jambo jingine la kueleweka. Mama Mnara alijijua. Hata vile vidonge alianza kuviacha kwa siku moja tu, siku ambayo kila mtu angemwelewa.

"Kipenga," akasema, "hii ndoo ikishamwagwa, naipeleka chini, nashuka."

Kipenga akaacha kuimba. "Mama, leo?"

"Leo Jumatano."

Sauti ya msimamizi ikapasua. "Nani anashuka? Hakuna anayeshuka! Nina magari yamesimama mpaka barabarani, zege linaganda, unataka nipasue slabu? Tulikubaliana, siku ya zege hapana!"

"Ulikubaliana na nafsi yako, bosi. Mimi nilikubaliana na mfamasia."

"Kama unaumwa sema!"

"Siumwi. Nakwenda kupimwa."

"Nisikilize, Mama Mnara." Safari hii hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilimwogopesha. Alisikia mtu aliyechoka, mtu ambaye naye ana mkubwa wake kwenye simu nyingine. "Sina ubaya na wewe. Lakini ukishuka sasa hivi, nampandisha masharubu, na akipanda simshushi. Siwezi kuwa na winchi inayokwenda kwa saa ya mfamasia. Nimekuambia mbele ya watu wote wa redio hii."

Ndoo ilikuwa juu ya slabu, ikifunguka. Zege likateremka lote, zito, likatandazwa na mafundi wenye mabuti. Mama Mnara alitazama mikono yake juu ya vishikio. Hakuna mahali pengine duniani mikono hiyo ilipokuwa na uhakika hivyo. Kutoka hapa aliuona mji mzima na hakuna mtu aliyemwona yeye. Hapa ndipo alipojifunza kuwa hodari, na hapa ndipo alipokuwa akijiua kidogo kidogo ili asitolewe.

Akaishusha ndoo tupu mpaka chini, taratibu, isimkwaruze mtu. Akafunga breki. Akavaa viatu. Akachukua kikapu, maana hakujua kama atarudi kukichukua, na akauinua mfuniko.

Ngazi ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Katikati, kwenye jukwaa dogo la kupumzikia, alikutana na bwana wa masharubu akipanda. Wakapishana wamebanana, kofia zikagongana.

"Samahani, mama," yule bwana akasema, na kweli alionekana kuona haya.

"Breki ya kuzungusha inavuta kushoto," akamwambia. "Usiikandamize. Pale kwenye slabu kuna watu."

Chini, Bwana Sasahivi alikuwa amempa mgongo, anaelekeza gari la kwanza lirudi nyuma. Kipenga alimtazama kutoka ukingoni mwa slabu, akainua mkono, akaushusha bila kujua ameuinulia nini. Mama Mnara alivuka uwanja wa matope. Alikwenda chooni kwanza, bila haraka, halafu akaingia kwenye kontena.

Mfamasia alikuwa amesimama. Alikuwa na redio ya mlinzi mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, ungenipigia tu simu. Ningekuelewa. Tungepima kesho."

"Najua ungeelewa."

"Nitakwenda kwa wakubwa wa bima. Nitakwenda mpaka makao makuu. Kampuni haiwezi kulipia mtu apimwe halafu imwadhibu kwa kupimwa. Leo hii nakwenda."

"Utakwenda, mwanangu. Kwanza pima."

Akakaa. Akaegemeza mgongo, akaweka nyayo zote mbili sakafuni, akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu. Msichana akafunga mkanda, vidole vyake vikikosea, akaufungua, akaufunga upya.

"Tusiongee kwanza," akanong'ona.

Nje, juu sana, winchi ikaguna na kuanza kuzunguka chini ya mikono mingine, kwa kishindo, kama mtu anafukuza kuku. Mama Mnara akafumba macho. Hakuongea, hakujitikisa, mpaka mashine ilipomaliza.